Dansi ya barafuni, chumba cha Ngamiani, Tanga: shajara ya mradi

Machi, wiki ya kwanza

Hali ya kazi: kipindi cha kwanza kimeandikwa nusu, cha pili kiko kichwani, vilivyobaki ni vichwa vya habari tu kwenye daftari.

Kwa wanaoanza kufuatilia leo, tunatengeneza simulizi ya sauti ya vipindi vitano kuhusu maisha ya mashindano ya Tessa Virtue, Mkanada aliyecheza dansi ya barafuni, yaani watu wawili kuteleza juu ya barafu kwa viatu vya chuma huku wakicheza muziki, tangu utotoni hadi Olimpiki ya mwaka 2018. Tupo wanne. Mimi naandika. Dada Mtangazaji anasoma; kazi yake hasa ni duka la vipodozi, ila sauti amejaliwa. Fundi ana kompyuta na maikrofoni moja nzuri. Wa nne ni binti wa Chumbageni, mcheza ngoma, ambaye ndiye aliyetuingiza kwenye shughuli hii kwa kutuonyesha video kwenye simu yake mpaka chaji ikakata. Faili zitagawiwa bure kwa WhatsApp na kila kipindi kisizidi robo saa, maana bando za watu ni za kuhurumia.

Kila tunayemwambia anauliza lile lile: Tanga na barafu wapi na wapi? Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Barafu hatuna, lakini dansi tunayo. Mji huu ulikuwa na vilabu vya dansi tangu zama za Mwingereza, watu wakivaa suti na magauni kushindana walsi na fokstroti. Baadaye ukawa mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi mbili ambazo mashabiki wake walikuwa hawaivi chungu kimoja. Sasa isome orodha ya midundo ya dansi ya barafuni: walsi, tango, fokstroti, kwikstepu, rumba. Ni majina yale yale ambayo wazee wetu waliyacheza juu ya sakafu ya saruji.

Machi, wiki ya pili

Tumepata mshauri. Ni mzee wa Barabara ya Kumi na Tano, mcheza dansi wa zamani, na mpaka leo muziki ukilia redioni mguu wake wa kulia hautulii. Tukamshika mkono, tukapewa kahawa, tukamwekea video kwenye kishikwambi. Mara ya kwanza aliangalia bila kusema neno. Mara ya pili akaweka kidole kwenye kioo, juu ya bega la Scott Moir, mwenzake Tessa.

"Mtazameni huyu kijana, mgosi. Binti hajageuka bado, lakini bega la huyu limeshampa njia. Miguu inafuata tu."

Dada Mtangazaji akaomba irudishwe nyuma, tukatazama bega. Ni kweli. Ukishaonyeshwa huwezi tena kutoliona.

Kisha mzee akauliza mbona hamrushi, maana yeye aliwahi kuona kwenye televisheni mwanamume akimrusha mwanamke hewani, akazunguka na kutua mwenyewe. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, kwa hiyo jibu nimeliweka mapema kwenye kipindi cha kwanza. Ule ni mchezo wa jozi. Kwenye dansi ya barafuni hakuna kurusha, hakuna kuruka mizunguko mitatu hewani, na mwanamume akimbeba mwenzake mikono haipandi juu ya kichwa. Kinachopimwa ni hatua, ukaribu, mshiko, na kama wawili hao wanausikia muziki mmoja. Ubingwa wa dunia wa mchezo huu ulianza mwaka 1952, na Olimpiki ikaupokea mwaka 1976 kule Innsbruck, ambako Lyudmila Pakhomova na Aleksandr Gorshkov wa Umoja wa Kisovyeti walichukua dhahabu ya kwanza. Uwanja wenyewe ni mita 60 kwa 30, karibu robo ya uwanja wa mpira.

Mzee akatoa hukumu: "Basi hiyo ni dansi. Ile nyingine ni sarakasi." Wacheza jozi wakisikia watakasirika. Nimeiacha kwenye mswada hivyo hivyo.

Alichokipenda kuliko vyote ni ujanja wa Jayne Torvill na Christopher Dean. Hao ni Waingereza wa Nottingham, mmoja alikuwa karani wa bima na mwingine polisi. Olimpiki ya Sarajevo, mwaka 1984, walikuja na Bolero ya Ravel. Muziki waliokata ulizidi muda ulioruhusiwa kwa sekunde kumi na nane hivi, na haukukubali kupunguzwa zaidi. Kanuni ilisema saa inaanza kuhesabiwa pale chuma cha kiatu kinapogusa barafu ili kuteleza. Wakaanza wamepiga magoti, wakacheza kwa mikono na viwiliwili, saa imelala. Waliposimama, sekunde zao za ziada zilikuwa zimeshapita bure. Majaji wote tisa wakawapa 6.0 ya usanii, alama ya juu kabisa wakati huo. Mzee alicheka mpaka akatafuta leso. "Hao wangekuwa wa hapa," akasema.

Machi, wiki ya tatu

Kipindi cha kwanza kimekamilika kuandikwa, na kimezua ubishi ambao naona utatufuata hadi mwisho.

Kisa chenyewe ni rahisi kukisimulia. Mwaka 1997, mkoa wa Ontario, mtoto wa kike wa miaka 7 na wa kiume wa miaka 9 wanakutanishwa na shangazi wa yule wa kiume, Carol Moir, aliyekuwa kocha wa barafu. Tessa alipata pia nafasi ya shule ya taifa ya baleti ya Kanada. Akaiacha ili abaki na mwenzake. Wakahama nyumbani wakiwa bado wadogo kufuata makocha, kwanza Kitchener-Waterloo, kisha wakavuka mpaka hadi Canton, jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2006 wakawa mabingwa wa dunia wa vijana, Ljubljana.

Binti wa Chumbageni alisoma mswada akaurudisha na alama za kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa Scott amepiga mstari. "Tulikubaliana kumsimulia Tessa. Mbona kila sentensi ina mwanamume ndani yake?"

Hoja ina uzito. Mwanamke hapa kwetu akifanikiwa, haraka watu watauliza ni nani aliyemshika mkono. Lakini nikijaribu kumwandika Tessa peke yake, naandika habari za mtu asiyekuwepo. Hakuna alama moja aliyowahi kupewa ambayo haikuwa pia ya Scott. Mwanariadha wa mbio akigombana na kocha anaweza kwenda kukimbia kwingine. Mcheza dansi wa barafuni akimpoteza mwenzake ameipoteza na kazi.

Ili kulionyesha hilo bila kuhubiri, nimeongeza kipande cha dakika mbili mwishoni mwa kipindi, kisa cha Marina Anissina. Huyu alikuwa Mrusi, bingwa wa dunia wa vijana pamoja na Ilia Averbukh. Averbukh akamwacha, akaenda kucheza na Irina Lobacheva. Anissina akabaki bila mwenzake katika nchi iliyojaa wachezaji. Akaandika barua nchi za nje kutafuta wa kucheza naye, na aliyeitikia ni Mfaransa, Gwendal Peizerat. Akahamia Ufaransa, akajifunza kila kitu upya. Olimpiki ya mwaka 2002 kule Salt Lake City, dhahabu: Anissina na Peizerat. Fedha: Lobacheva na Averbukh.

Dada Mtangazaji alipofika hapo wakati wa mazoezi akaweka karatasi chini. "Hii si michezo tena. Hii ni taarabu." Akaomba aisome tena taratibu, kwa madaha, na kweli alivyoitamka "fedha" ile ya mwisho, mpasho ulifika Urusi.

Machi, wiki ya nne

Siku ya sauti. Tulihitaji mlio wa chuma juu ya barafu. Ya kwenye video ina kelele za watazamaji na muziki, na hatukutaka kuchukua kazi ya watu. Tukaenda Deep Sea asubuhi, samaki wakiwa wanashushwa, tukanunua pande la barafu kwa kijana anayeuzia wavuvi. Alitaka kujua samaki wako wapi. Fundi akamwambia hakuna samaki, tunataka kuisikiliza. Kijana akamtazama, akaita wenzake.

Tulilipeleka pande hilo kwenye gunia la katani hadi kivulini, tukalilaza juu ya beseni lililopinduliwa. Kwanza fundi alipitisha mgongo wa kisu: mlio mwembamba, wa kukera meno. Kisha panga: linakwaruza, linaruka, linaacha unga mweupe. Muuza barafu akasema hiyo bado kavu, iacheni itoe jasho. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Viwanja vya dansi na maonyesho havigandishwi kwa ukali kama vile vya mpira wa magongo, kwa sababu barafu ikiwa ngumu mno inameguka na chuma hakishiki. Tukaisubiri. Ilipoanza kung'aa kwa maji, fundi akatoa patasi ya seremala, akailaza upande kidogo, akaivuta kwa kupinda. Ikatoka sauti nene, fupi, kama shuka jipya likichanwa. Sote tukanyamaza, halafu tukaanza kugombea patasi.

Huo ulalo ndio siri yote ya mchezo. Chuma cha kiatu kina upana wa milimita nne hivi, na chini yake kimechimbwa mfereji, kwa hiyo kila kiatu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mchezaji hatelezi juu ya chuma chote. Analalia ukingo mmoja, na akilala zaidi ndivyo anavyopinda zaidi. Aliyebobea anasikika akikata. Asiyejua anasikika akikwaruza. Kwa wacheza dansi nyuma ya chuma hukatwa kifupi, kusudi wakikaribiana asije mmoja akamkanyaga mwenzake kwenye ukingo.

Rekodi iko safi, ila mwishoni mtu kwa mbali anaita "changu, changu, bei poa." Tumeibakiza nakala hiyo kwa starehe zetu.

Aprili, wiki ya kwanza

Umeme na mvua. Paa la chumba chetu ni mabati. Masika ikianza kupiga, maikrofoni haisikii kingine. Hakuna kilichorekodiwa.

Aprili, wiki ya pili

Kipindi cha pili, "Miguu." Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote na ndicho kilichonichosha.

Mwaka 2008 Tessa na Scott walichukua fedha ya dunia kule Gothenburg, na Olimpiki ya nyumbani kwao, Vancouver, ilikuwa imebakiza chini ya miaka miwili. Miguu ya Tessa ikagoma. Jirani yetu muuguzi ametusaidia kulieleza tatizo hili kwa lugha ya jikoni. Misuli ya miguu chini ya goti imefungwa ndani ya utando. Ukifanya mazoezi misuli inavimba, hilo ni la kawaida. Kwa baadhi ya watu utando haulegei, kwa hiyo misuli inajibana yenyewe, damu inapita kwa shida, maumivu yanapanda mpaka mtu anashindwa kusimama. Akipumzika yanapungua, akirudi mazoezini yanarudi. Oktoba 2008 akafanyiwa upasuaji wa kuufungua utando huo.

Sasa fikiria upande wa pili. Scott amebaki uwanjani, mashindano yanakaribia, mwenzake yuko kitandani. Akafanya mazoezi peke yake na mifuko ya mchanga na fimbo ya mpira wa magongo badala ya Tessa. Mifuko ya mchanga! Dada Mtangazaji alitaka tuifanye kichekesho. Mzee wa Barabara ya Kumi na Tano akakataa katakata, akasema mtu aliyewahi kucheza mbele ya kiti kitupu hawezi kucheka hapo. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Na wenyewe wamesimulia hadharani kwamba kipindi kile hawakuwa wakizungumza ipasavyo. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Tessa akiumwa peke yake, Scott akiteleza peke yake, wote wakijua kwamba siku ya siku watashikana mikono mbele ya majaji na kutabasamu.

Ubishi wa wiki: tuanze kipindi na dhahabu ya Vancouver halafu turudi nyuma kwenye upasuaji, au tuende kwa mpangilio? Fundi alitaka dhahabu mbele, ndiyo ivute watu. Mimi nilishikilia mpangilio, na safari hii binti wa Chumbageni alikuwa upande wangu. Msikilizaji akishajua kwamba wataishia na dhahabu, ile mifuko ya mchanga inakuwa hadithi tu. Asipojua, anahangaika nao.

Mwaka 2009 wakarudi, wakapata shaba ya dunia Los Angeles. Februari 2010, Vancouver, walikusanya alama 221.57 na kuchukua dhahabu, wakiwa na miaka 20 na 22. Ilikuwa mara ya kwanza dhahabu ya Olimpiki ya mchezo huu kuondoka Ulaya. Hapo tumeweka patasi, tumeweka makofi ya watoto wa madrasa ya jirani waliokubali kupiga kwa malipo ya kashata, basi. Na mwisho wa kipindi, sentensi moja kavu: Oktoba 2010 Tessa alirudi chumba cha upasuaji kwa tatizo lile lile.

Aprili, wiki ya tatu

Kipindi cha tatu. Nilidhani kitakuwa chepesi kwa sababu ni orodha ya mashindano. Kimegeuka kuwa kirefu kuliko vyote, na nitaomba radhi kwa bando zenu.

Waliomfunga Tessa Virtue mara nyingi zaidi walikuwa Meryl Davis na Charlie White wa Marekani. Na hao walikuwa wakifanya mazoezi uwanja ule ule wa Canton, kwa kocha yule yule, Marina Zoueva. Asubuhi wanapishana mlangoni, mchana wanazungukana kwenye barafu moja, jioni kila mmoja anarudi kwake akijua mwenzie leo kafanya nini.

Nchi nyingine ingehitaji maelezo marefu. Tanga haihitaji. Timu zetu mbili za mpira, Coastal Union na African Sports, Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu, zote zimekulia uwanja mmoja, Mkwakwani. Fundi ni Kimanumanu wa kuzaliwa na Dada Mtangazaji ni Mgosi wa Kaya wa kufa na kuzikana, kwa hiyo kipindi hiki tumewapa wote wawili maikrofoni. Dada anasoma matokeo ya Wakanada, fundi anasoma ya Wamarekani, wanapokezana. Dunia ya 2010, Torino: Virtue na Moir. Dunia ya 2011, Moscow: Davis na White. Dunia ya 2012, Nice: Virtue na Moir. Dunia ya 2013 ikafanyika London, na hapa inabidi kusimama kidogo, maana ni London ya Ontario, Kanada, mji aliozaliwa Tessa mwenyewe. Watu wa nyumbani wamejaa. Davis na White wakashinda. Fundi alipoisoma hiyo aliongeza kicheko ambacho hakikuwemo kwenye mswada, na Dada Mtangazaji akamrushia kofia ya maikrofoni. Kicheko kimebaki.

Kuna jambo la pembeni ambalo tulikaribia kulikata, kisha mzee akalitetea. Msimu wa 2010 wachezaji walitakiwa kuandaa dansi yenye asili ya watu fulani. Virtue na Moir walicheza flamenko ya Kihispania. Davis na White walicheza ngoma za Kihindi, muziki wa picha za Kihindi kabisa, vidole vinazungumza, shingo inajibu. Bibi mmoja wa hapa jirani, aliyekulia kwenye foleni za sinema, alipoonyeshwa akaanza kuimba kabla muziki haujafika kwenye kiitikio. Wacheza dansi wa Urusi, Oksana Domnina na Maxim Shabalin, walijivika kama wenyeji wa asili wa Australia, na viongozi wa wenyeji hao wakalalamika waziwazi. Binti wa Chumbageni, ambaye ngoma ndiyo maisha yake, alikuwa na la kusema hapo: ngoma ya watu unaicheza ukiwa umekaa na wenyewe wakakufundisha, hata kama huna damu yao. Davis na White walikwenda kwa mwalimu wa ngoma za Kihindi. Tumempa binti dakika moja yake ndani ya kipindi, kwa sauti yake mwenyewe, bila kumhariri.

Ikaja Olimpiki ya Sochi 2014. Davis na White 195.52, Virtue na Moir 190.99. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Marekani katika dansi ya barafuni, na kocha wa washindi ndiye kocha wa walioshindwa. Kwa maoni yangu fedha hii ndiyo kiini cha simulizi nzima, kuliko dhahabu zote tatu za Olimpiki alizowahi kuvaa Tessa. Kushindwa na mtu wa mbali kunavumilika. Hawa walijifunza pamoja, waliteleza juu ya mikwaruzo ya wenzao, na siku ile mwalimu wao ilimbidi afurahi na ahuzunike kwa wakati mmoja, mbele ya kamera.

Alama tumezieleza kwa kifupi kadiri tulivyoweza. Zamani jaji alitoa namba isiyozidi 6.0 na hakuna aliyeweza kumuuliza kaitoa wapi. Baada ya kashfa ya majaji kwenye mchezo wa jozi mwaka 2002, utaratibu ukabadilishwa mwaka 2004: kila kipengele kina thamani yake, majaji wanaongeza au kupunguza kulingana na ubora, kisha kuna alama za usanii. Mzee akasema enzi zao mambo yalikuwa mepesi: jaji anapita ukumbini, akikugusa bega unatoka. Malalamiko yalikuwa yale yale.

Mei, wiki ya kwanza

Tumejaribisha vipindi vitatu kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na stendi. Wamependa Anissina. Wamependa Sochi. Mmoja akauliza Tessa na Scott ni mke na mume, nikajibu hapana, hawakuwahi kuoana, kila mmoja ana maisha yake. Kijiwe kizima kilikataa. "Mtu hawezi kumtazama mtu vile." Tumebishana mpaka abiria wakaanza kupanda pikipiki za kijiwe cha pili.

Hili suala la mapenzi nimeamua kulipa sentensi mbili tu kwenye kipindi cha nne. Kazi yao ilikuwa kuwafanya watu waamini, na kijiwe kimeamini.

Mei, wiki ya pili

Kipindi cha nne kimerekodiwa chote siku moja, alhamdulillahi, mvua ikiwa imetupa nafasi.

Baada ya Sochi walikaa pembeni misimu miwili. Waliporudi msimu wa 2016 hawakurudi Canton. Walikwenda Montreal kwa Marie-France Dubreuil na Patrice Lauzon, wachezaji wa zamani wa Kanada waliogeuka makocha. Na hapo Montreal walikuwa wakifanya mazoezi mabingwa wa dunia wa 2015 na 2016, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa. Yaani mwanamke huyu alitoka kwenye uwanja aliougawana na wapinzani wake, akachagua kwa hiari kwenda kwenye uwanja mwingine wa kugawana na wapinzani wapya. Nilipoiandika sentensi hiyo binti wa Chumbageni aliniangalia akasema, "Sasa naanza kumwona." Kalamu nyekundu haikutoka siku hiyo.

Msimu wa 2016 hadi 2017 hawakushindwa popote, wakachukua ubingwa wa dunia Helsinki. Kisha Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, Februari 2018, ambako alama za dansi mbili, fupi na huru, zinajumlishwa. Dansi fupi: Virtue na Moir 83.67, Papadakis na Cizeron 81.93. Katika dansi hiyo, mwanzoni kabisa, kishikizo cha shingoni cha gauni la Papadakis kilifunguka. Hakusimama. Alimaliza dansi nzima huku akijilinda, mbele ya dunia. Tulijadili sana namna ya kulisema hili kwa watu wa pwani, ambako stara si jambo la mzaha. Dada Mtangazaji alilisoma kwa sauti ya chini, bila kueleza kilichoonekana, akaegemea kile alichokifanya: aliendelea kuhesabu hatua.

Siku ya pili, dansi huru, Wafaransa walipata 123.35 na Wakanada 122.40. Wafaransa walishinda dansi ile. Jumla ikasema vingine: 206.07 kwa 205.28. Tofauti ni 0.79. Kijana wa bodaboda aliuliza hiyo sifuri nukta sabini na tisa ni kitu gani hasa, na jibu tulilompa ni kwamba ni ndogo kuliko kinachopotea ukiyumba mara moja kwenye ile mizunguko ya mguu mmoja ambayo wawili wanaizunguka sambamba. "Kwa hiyo kishikizo ndicho kilichoamua?" Hapo hatukujibu, na kipindi hakijibu. Papadakis na Cizeron walichukua dhahabu yao mwaka 2022, Beijing. Hilo tumelisema.

Mei, wiki ya tatu

Kipindi cha tano ni kifupi. Medali tano za Olimpiki, dhahabu tatu na fedha mbili, ukijumlisha zile za timu za 2014 na 2018. Hakuna mcheza barafu wa aina hii aliyekuwa na nyingi kuliko hizo walipomaliza. Mwaka 2019 wakatangaza kuacha, kwa pamoja.

Jina la simulizi limebadilika. Lilikuwa "Tessa." Fundi alitaka "Wanne wa Barafu Moja," mzee akataka "Bega," binti akagoma yote mawili. Tumemalizia na "Tessa na Wenzake," na kwenye picha ya jalada aliyoichora yeye kuna viatu jozi nne, kimoja tu kikiwa na rangi.

Kilichobaki: kurekodi upya maneno ya utangulizi yenye jina jipya, kusafisha mvua iliyoingia kipindi cha pili, na kupata barafu nyingine kwa ajili ya mlio wa kufungia. Tumeshaelewana bei na kijana wa Deep Sea. Sharti lake ni jina lake litajwe mwisho wa kipindi, kabla ya la fundi. Fundi bado anafikiria.